Gari Lenu Halikuloweshwa na Wanafunzi!

Najua nimepotea. Kulikuwa na majaribio matatu mfululizo, bumu likachelewa kama kawaida yake, halafu nikaenda nyumbani Kibiti siku nne, na huko mvua ilininyang'anya hata hamu ya kushika simu. Nimerudi kampasi juzi usiku. Nguo zimeshakauka ila moyo bado, ndiyo maana leo nimeweka pembeni saikolojia ya elimu (Jumatatu nina wasilisho, niombeeni) ili niandike hili kwanza.

Ni habari ya magari. Tulieni, sijanunua gari! Mimi bado ni mtu wa kugombania daladala kama ninyi. Nataka kuzungumzia ndani ya gari: viti, kapeti, harufu na unyevu wakati wa masika. Na nataka kugombana na watu fulani, mmoja wao akiwa ni ndugu yangu wa damu.

Basi bwana, siku ile ninakwenda nyumbani nilishuka Bungu, kwa sababu baba mdogo alinipigia simu akasema yuko pale na Noah yake anangoja abiria wa kuelekea Kibiti. Nikamwamkia, "Shikamoo baba mdogo," akaitikia, akanipa kiti cha mbele kama msomi wa ukoo. Kabla sijafunga mlango akaniambia, "Kung'uta miguu kwanza mwanangu, hilo gari ni la watu." Nikakung'uta. Chini alikuwa ametandika gunia, juu ya gunia nailoni, na viti vyote bado vimevaa yale makaratasi ya plastiki. Kwenye kioo cha kati kinaning'inia kimti cha manukato. Na pamoja na manukato yote hayo, gari lilikuwa linanuka kama tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo.

Tukaondoka. Mvua ya masika ya kwetu hamuijui nyie mliozoea kuitazama kwenye dirisha la bweni. Inashuka mpaka waipa zinaonekana kama zinacheza tu. Mbele kidogo, chini ya mkorosho, walikuwa wamesimama wanafunzi watano wa sekondari. Viatu mkononi, madaftari ndani ya mifuko ya nailoni vichwani. Wakapunga. Nyuma yetu palikuwa na nafasi ya watu watatu, na wangebanana wangeingia wote. Baba mdogo akapunguza mwendo kwa sababu ya shimo, akawatazama, akaongeza mwendo. Maji ya tairi yakawarukia.

Nikamtazama. Akasema bila kugeuka, "Wale watanilowanishia gari."

Mimi nikanyamaza. Hapo ndipo penye aibu yangu, wadau. Mwalimu mtarajiwa, mwaka wa tatu, nimekaa pakavu, miguu juu ya gunia, nikanyamaza kimya.

Nitawaambia kwa nini ilinichoma. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kuna siku mvua ilianza alfajiri. Kipindi changu kilikuwa cha kwanza. Binti mmoja wa kidato cha pili akaingia kipindi kinakaribia kwisha, sketi imelowa mpaka magotini. Nikamuuliza kwa nini amechelewa, akajibu, "Magari yametukataa mwalimu." Mimi na tai yangu mpya nikaona anatunga. Nikamsimamisha nje ya darasa mpaka kengele, iwe fundisho kwa wengine. Alisimama pale anatetemeka, na sikujua kama ni baridi au ni hasira. Sasa nimekaa ndani ya gari lililowakataa wenzake na nimeyasikia maneno yenyewe kwa masikio yangu. Binti hakutunga kitu. Aliyehitaji fundisho ni mwalimu.

Haya, tuendelee. Asubuhi yake jua lilitoka. Nikamwambia baba mdogo, nisaidie tulitazame hili gari linanuka nini. Akacheka, "Chuo wanafundisha na ufundi?" Nikamwambia wanafundisha kuuliza. Tukafungua bolti za viti, tukainua kapeti. Jamani! Chini ya kapeti kuna sponji, na ile sponji ilikuwa imejaa maji. Ukikanyaga, inatema. Kuvu nyeupe na nyeusi pembeni, kutu imeanza kula bati, na nyaya za umeme zinazopita pale zimelala kwenye unyevu. Maji yale hayakuwa ya jana. Na gunia na nailoni juu vilikuwa vikavu kabisa!

Hebu fikirieni kidogo. Kama juu pakavu na chini kumelowa, maji yamepita wapi? Miguu ya abiria inakanyaga juu. Kwa hiyo huyu mzee kwa masika mazima alikuwa anapambana na miguu ya watu, huku gari lake lenyewe linakunywa maji kupitia matundu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuwa ameziba mlango wa wanafunzi akauacha ufa.

Tukaanza kutafuta. Nawaandikia tulichokikuta, maana wengi wenu mna baba wadogo wa aina hii, na wengine mtanunua IST zenu mkishaajiriwa (inshallah).

Kwanza, chini ya kioo cha mbele, pale zinapokaa waipa, kuna kijibonde kinachopokea maji ya mvua na kuyatoa kupitia matundu ya pembeni. Gari hili linalala chini ya mwembe. Majani yalikuwa yameziba matundu yote. Maji yakikosa njia yanajaa, yanaingia kwenye tundu la kuvutia hewa na kumwagika miguuni mwa abiria wa mbele. Tulitoa majani ndoo nzima.

Pili, milango. Watu wengi hawajui kwamba mlango wa gari huwa unaingiza maji hata ukiwa mzima, kupitia pale kioo kinapopanda na kushuka. Ndiyo maana chini ya mlango kuna vitundu vya kuyatoa. Tope la kwetu ni la mfinyanzi, likikauka linaziba kama simenti. Ukifungua mlango ukasikia chwaa, ujue kuna bwawa humo. Kijiti chembamba tu kilitosha kuzibua.

Tatu, raba za milango. Chukua kipande cha karatasi, kifungie mlangoni, halafu kivute. Kikitoka kwa shida, raba ni nzima. Kikitoka kirahisi, hapo ndipo mvua inapoingilia. Mlango wa kuburuta wa ile Noah ulitoa karatasi kama unatoa mkono wa kwaheri. Fanya zoezi hilo kuzunguka mlango wote, kisha mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji juu kwa ndoo polepole. Utaona yanapoanzia.

Nne, AC. Ikifanya kazi inatengeneza maji, na yale maji yana mpira wake wa kuyatoa nje chini ya gari. Mpira ukiziba, maji yanarudi ndani. Ukiona kapeti imelowa siku ya jua, na maji yenyewe ni meupe hayana tope, mshuku huyo.

Sasa niambieni, katika hayo manne mwanafunzi yuko wapi? Yuko kwenye lipi? Mimi sijamwona!

La tano ni la kwetu wenyewe, na hapa ndipo mtajua mimi ni mtoto wa delta. Gari hilo likipata safari za Nyamisati linabeba ndoo za samaki na kamba. Ndoo inatikisika, maji ya chumvi yanamwagika kwenye kapeti, dereva anafuta na tambara, basi yameisha. Hayajaisha! Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Kapeti iliyonywa maji ya chumvi hata uianike wiki, jioni ikipata hewa yenye unyevu inakuwa na majimaji tena. Na chumvi ndiyo rafiki mkubwa wa kutu. Dawa yake ni kuiosha kwanza kwa maji baridi ya kisima mpaka chumvi itoke, ndipo uianike. Lakini mwenye ndoo ya kamba hakatazwi kupanda. Anapanda, na anasaidiwa kupakia! Kwa sababu analipa nauli kamili na ya mzigo juu. Mtoto wa shule mwenye maji ya mvua, ambayo hata chumvi hayana, ndiye anayeambiwa ataharibu gari.

Kumbe basi hoja siyo maji. Hoja ni nauli! Mwanafunzi analipa kidogo, na mvua imekuwa kisingizio kizuri cha kumkwepa. Nikamwambia hivyo baba mdogo, kwa adabu, maana huyu ndiye aliyenilipia michango ya kidato cha nne baba alipokuwa hana kitu. Akanyamaza kidogo. Halafu akanijibu, na naomba niandike jibu lake bila kulipunguza, maana nilijifunza kwenye kozi ya falsafa kwamba ukibishana na mtu usimfanye mjinga.

Akasema, "Mwanangu, gari si langu. Jioni tajiri anataka hesabu, hataki hadithi. Abiria akikaa kwenye kiti kibichi anashuka anapanda la mwenzangu. Na hao watoto wanaingia watano na tope, mimi ndiye ninayeosha usiku."

Ni kweli. Sikatai. Dereva wa kwetu anabanwa juu na chini, na kiti kibichi kweli kinakimbiza abiria. Anayesema tope si tatizo hajawahi kuosha kapeti. Ila nilimwuliza swali moja tu: hao abiria wanaokimbia kiti kibichi, harufu hii ya kapeti iliyooza hawaisikii? Wanaisikia. Wanafungua dirisha, mvua inaingia, gari linazidi kulowa. Na maji yaliyonyweshwa kwenye sponji hayakai kimya. Mchana gari likipata joto yanakuwa mvuke, usiku yanaganda kwenye vioo. Asubuhi dereva anatoka na kioo chenye ukungu, anafuta kwa kiganja, anaona nusu ya barabara. Hapo hatuongelei tena usafi, tunaongelea roho za watu kwenye barabara ya Kilwa.

Dawa ya ukungu nayo ni rahisi. Washa AC hata kama kuna baridi, maana inakausha hewa, na weka hewa itoke nje badala ya kuzungusha ile ile ya ndani. Baba mdogo alikuwa anaizima AC siku za mvua ili "kupunguza unyevu." Kaazi kweli kweli.

Halafu tuje kwenye historia kidogo, maana wazee wa kwetu wakiona tunawakataa watu kwa tope wanatushangaa. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, anayekwenda Kusini alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Na baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichelewa sana kupata lami. Ukisimuliwa safari za masika za enzi hizo, ni mabasi kuzama kwenye tope, watu kulala njiani, kuchemsha chai porini. Gari likizama nani alilitoa? Abiria! Walishuka, wakakunja suruali, wakafunga kanga viunoni, wakasukuma. Kisha walirudi ndani na tope lao mpaka kifuani, na hakuna konda aliyethubutu kusema utachafua kiti. Leo tuna lami, tumekuwa wasafi kuliko utu wetu.

Na hata leo hatujayashinda maji. Aprili 2024 mafuriko yalipoifunika Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama na watu wakahama nyumba zao. Mwezi uliofuata mvua za kimbunga Hidaya zikaikata barabara ya kwenda Lindi. Siku zile hapakuwa na mkavu na mbichi, sote tulikuwa wabichi. Watoto wa visiwani kwenye delta wanaishi na maji kila siku, njia yao ni mtumbwi na kupwa na kujaa kwa bahari. Mtoto kama huyo akifika barabarani amelowa, si mchafu. Ametoka mbali.

Sasa ninyi wenye magari, na ninyi mtakaokuwa nayo. Nawasikia mnasema, "Haya, tufanyeje basi?" Fanyeni haya, na hayafiki hata hesabu ya siku chache.

Toeni makaratasi ya plastiki kwenye viti. Mnadhani yanalinda, kumbe maji yakipenya pembeni yanafungiwa humo humo, kitambaa kinaoza kimefunikwa. Wekeni kava za leza, zinafutika kwa tambara. Kapeti ziwe za mpira zenye kingo zilizoinuka, zinakusanya maji, ukifika unazitoa unazimwaga. Mlangoni weka gunia kavu la kufutia miguu, na uwe na la pili la kubadilisha, maana gunia bichi ni sponji nyingine. Mwavuli uwekewe ndoo. Kuwe na kanga kuukuu mbili za kufuta viti. Jioni tandikeni magazeti ya zamani chini, asubuhi yatoeni. Jua likitoka hata kwa nusu saa, fungueni milango yote. Na kama maji yameshafika kwenye sponji, msijidanganye kuanika kwa juu. Inueni kapeti. Kile kimti cha manukato hakikaushi kitu, kinaipaka harufu poda tu.

Na tafadhali, msilipitishe gari kwenye maji yanayokwenda kasi eti mnaijua njia. Maji ya mafuriko yanaficha mashimo, na gari lililoingiwa na maji yale ya tope linaosheka kwa taabu. Mtu aliyechukuliwa na maji haoshwi akarudi.

Ukishafanya hayo, mwanafunzi aliyelowa anakupa kazi ya kufuta kiti dakika mbili. Mbili tu! Yeye ukimwacha pale chini ya mkorosho anapoteza kipindi, madaftari yanalowa, akifika anakutana na mwalimu mwenye tai mpya anamsimamisha nje. Pimeni wenyewe kwenye mizani.

Na sisi wa elimu tusijione tumepona. Tunakaa semina nzima tunajadili utoro na matokeo mabaya, tunalaumu wazazi, tunalaumu simu. Nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mtoto, "Leo umefikaje?" Mimi sikuuliza. Nilipewa jibu bila kuuliza, nikaliita uongo. Binti yule sijui kama atasoma hapa, pengine hatasoma. Lakini naandika: samahani sana. Nikipangiwa shule, siku ya mvua kitabu cha mahudhurio kitasubiri mpaka watoto wakauke.

Mwisho wa kisa. Tulianika kapeti ile siku mbili, tukazibua matundu, tukabadilisha raba ya mlango wa kuburuta. Harufu ilipungua sana, baba mdogo mwenyewe akakitoa kimti akakitupa. Siku ninarudi chuo alinipeleka Bungu kupanda basi. Manyunyu yalikuwa yanaanza. Njiani wakasimama wanafunzi wawili. Nikamtazama, sikusema neno. Akapunguza mwendo, nikadhani ni shimo tena. Akasimama.

"Futeni miguu kwenye gunia hapo," akawaambia. "Haya, ingieni."

Wakaingia, wakasema, "Shikamoo baba." Akaitikia. Mbele kidogo akaninong'oneza, "Ila wangekuwa watano nisingesimama."

Sawa baba mdogo. Wawili ni mwanzo. Masika bado yapo, na kila ukilala nitakupigia simu kukuuliza wangapi leo.

Nawasilisha, wadau. Anayebisha abishe, ila aende kwanza akainue kapeti la gari lake. Mimi nawahi foleni ya kantini kabla wali haujaisha.